Nimeirimiksi kanda ya taarab ya bibi, sasa binti wa mwimbaji anauliza nani alinipa ruhusa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi, na kazi yangu ni DJ. Napiga harusi na sherehe za watu, na wikendi napiga kwenye baa moja ya ufuoni upande wa Watamu. Sina kazi nyingine na sitaki nyingine.

Mwaka jana nilikwenda Lamu kumwona bibi yangu, mtaa wa Langoni. Chini ya kitanda ana sanduku la kanda za taarab, nyingine zimeliwa na chumvi. Moja ilikuwa bado nzima, juu imeandikwa kwa kalamu "1984" na jina la mwimbaji. Nikaihamishia kwenye laptopu. Shangazi, ile sauti! Ni mama anaimba na udi, kinanda na tabla, hakuna kingine. Nilipofika Malindi nikaikata, nikaiharakisha kidogo, nikatia besi ya amapiano chini yake na jina langu la DJ nikaligonga juu kila baada ya muda. Nikaiweka YouTube, nikaitia pia kwenye miksi yangu ya saa nzima ninayouza kwa flashi, shilingi 500. Ikashika. Matatu za Mombasa zinaipiga, tuktuk zinaipiga, harusi hazianzi bila hiyo.

Sasa mwezi uliopita nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa dada mmoja: "Aliyeimba ni mama yangu. Yuko hai, amejisikia mwenyewe kwenye tuktuk. Nani alikupa ruhusa? Na mbona beti la mwisho umelikata?" Sikumjibu, nilishikwa na woga. Siku chache baadaye YouTube wakaiondoa video na kuniandikia kwamba nina onyo moja la hakimiliki.

DJ mwenzangu anasema nisiwe na wasiwasi. Anasema ukibadilisha kasi na mdundo wimbo unakuwa wako, ukitumia chini ya sekunde thelathini hakuna kesi, na ukiandika chini ya video kwamba huna nia ya kuvunja hakimiliki wanakuacha. Tena anasema wao ndio wanaopaswa kunishukuru, kwa sababu wimbo ulikuwa umekufa na mimi nimeufufua. Ananishauri nikate rufaa YouTube niseme ni kazi yangu.

Mambo mengine mawili. Meneja wa ile baa anataka nilipe leseni ya muziki ya baa mfukoni mwangu, eti muziki ni wa DJ. Na rafiki yangu wa Magarini amenirekodia ngoma ya mwanzele kwa simu, wazee wakipiga kwenye shughuli yao. Hiyo nataka niifanyie biti. Ya kienyeji haina mwenyewe, au vipi?

Nisaidie Shangazi, hii ndiyo riziki yangu.

Kijana wa Maweni, Malindi

*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali ambalo umelipita haraka, lile la beti la mwisho.

Washairi wetu wa pwani, tangu enzi za tenzi, wana desturi ya kujitaja mwishoni. Kwenye tamati ndipo mtunzi anapoweka jina lake, pengine na mji wake, ili anayeimba au kunakili baada yake asimpoteze. Rudi kwenye ile kanda ulisikilize hilo beti ulilolikata. Nadhani utasikia jina. Ukishalisikia utaelewa kwa nini binti hakuanza na pesa. Mtu alijitia ndani ya shairi lake kwa makusudi, miaka arobaini na ushei ikapita akiwa humo salama, kisha wewe ukamtoa na mahali pake ukagonga jina la DJ. Najua hukukusudia. Ulikuwa unatafuta mahali pazuri pa kumalizia biti. Lakini kwa familia ile hilo ndilo jeraha, na sheria nayo inalitambua kama jeraha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kupinga kazi hiyo ikikatwa au ikiharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hiyo inabaki kwake hata akiwa ameshauza haki nyingine zote.

Sasa tuone wimbo huo ni wa nani, maana jibu lina watu wengi kuliko unavyodhani. Kuna aliyetunga maneno. Katika taarab mara nyingi si yule anayeimba. Mwimbaji huletewa shairi na mshairi, na huenda jina la kwenye beti la mwisho ni la mtu mwingine kabisa. Kuna aliyetunga muziki wake. Kuna mama mwenyewe na wapigaji, ambao wana haki kama watumbuizaji. Halafu kuna mwenye rekodi, yaani aliyegharimia na kusimamia kurekodi. Zamani kanda nyingi za taarab zilirekodiwa na kuuzwa na maduka ya Mombasa, kama Mbwana Radio Service, na nyingine zilirekodiwa harusini tu na mtu mwenye redio ya kaseti. Kwa hiyo itazame kanda yako vizuri, karatasi ya ndani na ubavuni, uone kama ina alama ya duka au ni kanda tupu iliyoandikwa kwa mkono. Hilo litakuambia ubishe mlango upi.

Usihesabu umri wa kanda ukadhani muda umekwisha. Kwa Kenya, haki ya maneno na muziki inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki ya rekodi inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kama ile tarehe ya kalamu ni ya kweli, rekodi yako ya 1984 inalindwa mpaka mwisho wa 2034. Na shairi, ikiwa mtunzi yuko hai, hata hiyo miaka 50 yake haijaanza kuhesabiwa. Wala hakuna aliyehitaji kwenda kusajili popote. Kazi inalindwa pale tu inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni hiari, na faida yake ni ushahidi siku ya mabishano.

Hapa ndipo nataka unielewe vizuri kuliko popote, kwa sababu ndipo ma-DJ wengi wanapojichanganya. Kupiga wimbo mbele ya watu ni jambo moja. Kuunakili na kuubadilisha ni jambo la pili. Kuugawa, kwa flashi au kwa mtandao, ni la tatu. Kila moja lina ruhusa yake. Mtu akikukodisha mashua ukavue, hajakupa ruhusa ya kung'oa mbao zake ukaunda nyingine, wala ya kuwauzia watu vipande. Leseni ya muziki inayobandikwa ukutani kwenye baa inafunika kupiga tu. Haikufuniki unapokaa na laptopu usiku ukikata sauti ya mtu, wala haikufuniki unapobonyeza kitufe cha kupakia. Hata kule kunakili peke yake, kabla hujabadilisha kitu, kuna nchi zinazokutoza. Ujerumani mwaka 2013 walianza kumtoza DJ senti 13 za yuro kwa kila wimbo anaounakili kwa ajili ya kazi yake. Nakutajia hilo uone kwamba kunakili kunahesabiwa peke yake, si kwamba uanze kutafuta yuro.

Wala usidhani ukilipia Spotify au Apple Music kila mwezi umemaliza. Mapatano unayoyakubali unapojiunga yanasema ni kwa kusikiliza mwenyewe, si kwa biashara. Zile huduma za kulipia zinazowapa ma-DJ nyimbo za kupakua nazo kwa kawaida zinakupa wimbo wa kupiga ukumbini. Kuugawia watu wengine haimo.

Huyo DJ mwenzako anakupenda, lakini amekudanganya mara nne katika barua moja. Ukibadilisha kasi, mwenye wimbo habadiliki. Kurimiksi ni kufanya marekebisho ya kazi ya mtu, na kurekebisha ni haki ya mwenye kazi. Kanuni ya sekunde thelathini haimo katika sheria ya Kenya, nimeisikia miaka nenda miaka rudi na haina kifungu. Kilichomo ni matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari, na flashi ya shilingi 500 haiingii hata mlango mmoja wa hiyo. Maandishi ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki" ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu yanaonyesha ulijua wimbo una mwenyewe. Na kuhusu nyimbo za nje, usije ukadhani Mnigeria au Mtanzania hawezi kukufikia: Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na nchi zilizomo hulindiana kazi za wasanii wao.

La nne ni hilo la "wanishukuru". Hili linaniuma zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ni kweli umeufufua. Watoto wa Kisumu Ndogo hapo Malindi wasiojua taarab sasa wanaimba maneno ya mama yule, na hilo ni jambo kubwa. Mimi mwenyewe ninayekuandikia ningependa kanda zote za chini ya vitanda vya Lamu zipate masikio mapya kabla chumvi haijazimaliza. Lakini kuamua kama anataka kutangazwa, na kwa sura gani, ni haki yake. Mama wa Lamu aliyeimba kwa heshima zake 1984 huenda hataki sauti yake ipigwe kwenye baa. Hukumwuliza. Na hoja ya kutangaza haikuwaokoa hata wakubwa. Januari 2007 huko Atlanta, Marekani, polisi wakishirikiana na chama cha kampuni za rekodi walivamia studio ya DJ Drama, wakamkamata na kuchukua maelfu kwa maelfu ya CD za miksi, ilhali kampuni za rekodi zilikuwa zikifaidika na miksi hizo kuwatangaza wasanii wao.

Tuje YouTube. Kuna mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni dai la mashine: mfumo wao wa Content ID unaitambua sauti yenyewe, na mwenye wimbo anachagua video ifungwe, au ibaki na pesa za matangazo ziende kwake. Hilo haliiharibu akaunti. La pili ndilo lililokupata wewe. Mtu ameandika rasmi kudai video iondolewe, nao wakaiondoa na kukupa onyo. Ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa na kila kitu kilichomo kikaenda. Moja likikaa siku 90, nawe ukamaliza lile somo lao fupi la hakimiliki, linaondoka. Ipo pia njia ya haraka: aliyelalamika anaweza kuliondoa dai lake mwenyewe. Kwa hiyo ufunguo wa chaneli yako anao yule dada uliyeshindwa kumjibu.

Usikate rufaa. Rufaa ya YouTube ni tamko la kisheria. Unaapa kwamba video iliondolewa kimakosa, na jina lako na anwani yako vinapelekwa kwa mlalamikaji. Wewe unajua haikuondolewa kimakosa. Kenya nayo, tangu marekebisho ya 2019, ina utaratibu wake wa notisi ya kuondoa kazi mtandaoni, wenye muda wa saa 48 wa kuiondoa, na kutoa tamko la uongo ndani ya utaratibu huo ni kosa la jinai.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujalala, acha kuuza hiyo flashi, na ile miksi ya saa nzima ishushe popote ulipoiweka. Zilizoko kwenye matatu huwezi kuzikusanya, lakini unaweza kuacha kuongeza. Kuzalisha nakala za kuuza bila ruhusa ndiko sheria inakokukaza zaidi, kwa faini ya malaki na kifungo cha miaka, kwa hiyo hilo halina kesho. Kaa uhesabu flashi ngapi ziliuzwa kwa ukweli wake. Andika hesabu hiyo.

Kisha mjibu yule dada. Usimwandikie hoja, wala usimtajie YouTube. Andika maneno kama haya: "Dada, salaam aleikum. Mimi ndiye niliyetengeneza ile rimiksi. Sikuomba ruhusa na nilipaswa kuomba. Nimeacha kuiuza. Naomba, mkiridhia, nije Lamu na mkubwa wangu nimwone mama, nimsikilize." Ishia hapo. Akichukua wiki kujibu, ngoja.

Ukienda, nenda na bibi yako wa Langoni. Lamu ni ndogo, na haielekei wasijuane kwa ukoo au kwa mtaa. Chukua ile kanda yenyewe, mkononi. Inawezekana familia haina nakala, na ukiwapelekea sauti ya mama yao ikiwa safi, yote kuanzia beti la kwanza hadi la mwisho, bila besi na bila jina lako, umewapa kitu ambacho hakuna faini inayokinunua. Mwache mama asikilize hiyo kwanza. Rimiksi isubiri mpaka atakapoiuliza mwenyewe.

Ndipo umwulize nani alitunga shairi, nani alipiga, nani alirekodi. Andika majina. Kama mtunzi ni mwingine au amekufa, uliza warithi wake ni nani, kwa sababu ruhusa ya mama inafunika sauti yake na si shairi la mwenzake. Hili ma-DJ wengi hawalijui: wanapata "ndiyo" ya mwimbaji wanaondoka wanashangilia, mwezi wa pili anakuja mtoto wa mshairi.

Akikataa, imekwisha. Usibishane naye, usimtumie wazee wamshawishi. Rimiksi unaifuta na besi yako unabaki nayo, kwa sababu besi uliyoitunga ni yako na inaweza kulala chini ya sauti nyingine.

Akikubali, andikeni. Hata iwe karatasi moja ya daftari, kwa Kiswahili chenu, mradi iseme wimbo gani na rekodi ipi, unaruhusiwa kufanya nini nao, utawekwa wapi, majina yatatajwaje, pesa zitagawanywaje na zitalipwa lini kwa M-Pesa ipi, na ruhusa inakwisha lini. Beti la mwisho lirudi. Liandikeni hilo waziwazi. Andikeni pia kwamba jina lako la DJ halitagongwa juu ya maneno. Watie saini pande zote na mashahidi wawili. Sheria inataka maandishi yenye saini pale mtu anapokuhamishia haki yake au kukupa ruhusa ya pekee asiyopewa mwingine, na hata pale isipotaka, maandishi yatamlinda mama kuliko yatakavyokulinda wewe, nami napenda iwe hivyo. Usimwombe akuuzie haki zote kwa mkupuo. Mama mzee akiona noti za elfu mkononi anaweza kukubali, na utakuwa umemnyang'anya kwa karatasi.

Zile pesa za flashi zilizopita, mpelekee hesabu yako na uulize wangependa sehemu yao iweje. Usiwatajie bei wewe.

Baada ya hapo kama unataka mahali pa kuweka miksi zako za saa nzima za nyimbo za kawaida zilizotoka rasmi, tazama Mixcloud. Wao wana mikataba na wenye nyimbo na wanalipa mirabaha. Wasikilizaji wanasikiliza pale pale bila kupakua. Haitakuhalalishia rimiksi isiyo na ruhusa, lakini kwa miksi ni salama kuliko unavyofanya sasa. Na ukitafuta sauti za kuchezea, zipo kazi zenye leseni za Creative Commons, yaani mwenyewe amewaruhusu watu kuzitumia kwa masharti, ila soma herufi: yenye ND hairuhusu kubadilishwa, na yenye NC hairuhusu biashara.

Ngoma ya mwanzele. Hapana mwanangu, ya kienyeji ina mwenyewe, tena wengi. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayosema kazi za namna hiyo ni za jamii, na mtu anayetaka kuzitumia nje ya desturi, hasa kwa biashara, aombe ridhaa ya jamii baada ya kuieleza vizuri anachotaka kufanya. Wagiriama wenyewe, ambao mwanzele ni ngoma yao, wakiipiga kwenye shughuli zao hawamwombi mtu. Wewe na besi yako mnaomba. Juu ya hilo, wazee waliosikika kwenye simu ni watumbuizaji wenye haki zao, na hujasema kama walijua wanarekodiwa, wala shughuli yenyewe ilikuwa ya nini. Kama ilikuwa msiba, sitaki hata kuisikia hiyo biti. Mrudishe rafiki yako kwa wazee waliopiga, aende nawe, muwaeleze. Kuna wapigaji Magarini na Malindi ambao wangefurahi kuingia studio na kulipwa kwa kazi hiyo, na utapata sauti safi kuliko ya simu iliyojaa upepo.

La mwisho, meneja wako. Leseni ya kupiga muziki hadharani kwa kawaida ni ya mwenye mahali, kwa sababu muziki ndio unaomletea wateja, iwe DJ yupo au ni redio tu. Kwa sherehe ya siku moja ni ya mwandalizi. Viwango hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na humo mahali pa burudani hupimwa kwa ukubwa na aina yake. Kama wewe unazunguka na vyombo vyako mwenyewe, uliza pia iwapo kuna kiwango cha DJ kinachokuhusu. Wanaokusanya ni vyama vyenye kibali cha KECOBO: kwa miaka mingi vimekuwa MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa watumbuizaji, na karibuni kimeongezeka PAVRISK. Vibali vyao ni vya mwaka mmoja mmoja na pamekuwa na mivutano mpaka mahakamani, kwa hiyo kabla wewe au meneja hamjatoa shilingi, ulizeni KECOBO ni chama kipi kina kibali halali mwaka huu, mlipe kwa njia rasmi na mdai risiti. Anayekuja ufuoni usiku na kitabu cha risiti na namba yake ya simu, mwombeni kitambulisho na mwipigie KECOBO simu asubuhi.

Mwambie meneja kwa upole kwamba leseni ya baa iandikwe jina la baa. Halafu kwenye makubaliano yenu ya kazi, ambayo nahisi hamjayaandika, ongeza mstari mmoja: leseni ya kupiga muziki hapa ni ya mwenye mahali, na DJ anawajibika kwa asili ya nyimbo alizoleta. Nusu ya pili inakubana wewe. Iache ibaki.

Shangazi